Jimu imenimiss, eti

Jana nimetoka shifti ya usiku, macho mekundu, nafungua simu nakuta meseji ya ile jimu, "tumekukumbuka, rudi tukufanyie punguzo". Nimecheka peke yangu kwenye basi mpaka dereva akanitazama kwenye kioo. Mnanikumbuka nini na nyie kila tarehe 28 mnachukua pauni 27.99 zenu hata nikiwa nimelala?

Nianze mwanzo. Niko Leeds, Uingereza, mwaka wa nne sasa, nahudumia wazee. Kazi ya kusimama masaa 12, ukirudi ni mikate, chipsi na kitanda. Desemba huku kigiza kinaingia saa kumi kasorobo jioni, asubuhi jua lenyewe linajivuta hadi saa mbili na kitu, na hapo ni kama halina mood. Nikanenepa. Mama kila nikimpigia video anafurahi, "mwanangu Ulaya imekukubali", anawaita na majirani waje waone mashavu. Mashavu gani, pale ofisini ngazi ghorofa mbili tu nahema kama nimebeba gunia la mkaa.

Siku moja nimeingia famasi kununua dawa ya mafua, dada wa pale akaniuliza umri, nikasema 42, akasema kwa waliofika 40 wanapima presha bure, kaa hapo. Ilisoma 158 kwa 98, yani iko juu. Nikamwambia ni baridi, mashine imekosea. Akapima tena, kitu ile ile. Akanishauri nimwone daktari na nianze kujongea jongea.

Ndo nikakimbilia jimu kwa hasira, nikasaini kwenye simu bila kusoma. Miezi 12 kumbe! Nimeenda mara tano. Watu wana vitu masikioni, hakuna salamu, mashine ya kukimbilia imetazama ukuta, nikiacha kwenda hakuna atakayejua. Piga hesabu, 335.88 gawa kwa mara tano, yani kila nikitoa jasho natoa kama pauni 67. Nyumbani jimu ya mtaani, vyuma vya kumwagia zege kwenye makopo, buku mbili unapiga mpaka ushindwe kunyanyua kikombe, na usipoonekana siku mbili jamaa wanakuja kugonga mlango wakidhani unaumwa.

Nyie mnaojiandaa kuja, hili lisikilizeni: huku mkataba ni mkataba. Usidhani ukienda benki ukazuia makato umemaliza, deni linabaki pale pale na barua za madai zitakufuata. Soma ile sehemu ya kujitoa kabla hujabonyeza kukubali. Na vitamini D tumieni, wenyewe wanashauri maikrogramu 10 kwa siku hasa miezi ya baridi, sisi weusi ndo kabisa jua la huku halitutoshi.

Sasa kilichoniokoa ni cha bure. Kuna kitu kinaitwa parkrun, kilianza 2004 London na watu 13 tu, saa hizi kiko nchi kibao. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, kilomita 5 za kukimbia au kutembea, unajisajili mara moja, unakuja na bakodi yako basi. Mimi naenda ya Woodhouse Moor, bustani moja hapa Leeds. Siku ya kwanza nilitaka kurudi nyumbani, nimevaa traki ya kulalia na raba za kazini, watu wanaruka ruka kama swala. Tulipoanza kukimbia, mita mia mbili tu nikawa natembea, wote wamenipita hadi baba anayesukuma mtoto kwenye kigari. Nyuma yangu nikasikia hatua. Bibi wa kizungu, miaka sabini na ushee, kizibao cha rangi kali. Nikajua huyu kaja kuniondoa. Kumbe ndo kazi yake kwa kujitolea, kuwa wa mwisho ili mtu mwingine asiwe wa mwisho! Tukaenda naye taratibu anapiga stori za magoti yake na mbwa wake, nikamaliza dakika 58. Watu walikuwa bado wapo wanapiga makofi.

Wiki iliyofuata nikawa na shifti. Ile nyingine nafika tu, bibi ananinyooshea kidole, ulikuwa wapi Jumamosi? Jamani. Miaka minne, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta simjui jina, na hapa mtu kaniona mara moja ananidai mahudhurio kama mwalimu wa zamu. Nilijibu kwa kujitetea kabisa, nikatamani kumwambia shikamoo.

Sasa nina miezi saba, natembea kidogo nakimbia kidogo, dakika 41. Presha imeshuka ingawa vidonge bado nameza, daktari hataki utani. Tatizo limehamia nyumbani, mama kaniona juzi nimepungua kaanza kulia, "hawakulishi huko?", na shangazi kashauri nirudi nikaangaliwe.

Makato ya mwisho ni tarehe 28 mwezi ujao. Nimeizungushia duara nyekundu kwenye kalenda ya jikoni.