Kabla hujapakua gemu iliyokrakiwa
Wengi wanakraki gemu, yaani wanachukua iliyovunjwa kufuli (ulinzi wa kuzuia kunakili) ili wacheze bure, kwa sababu mbili: dola 60 ni hela nyingi, na wanaogopa kununua kitu kitakachogoma kwenye kompyuta yao. Hofu hiyo ya pili ina dawa. Steam, duka la gemu la mtandaoni, wanarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, mradi muda wote uliocheza haujafika masaa 2. Kwa hiyo ijaribu siku hiyohiyo, ikikwamakwama, irudishe. Iliyokrakiwa mara nyingi inakutaka uzime antivirusi kwanza, na hapo ndipo virusi vinapopita. Maboresho yakitoka, unapakua upya GB kibao, bando linateketea! Anayechukia gemu zenye kufuli ana haki kabisa: GOG, duka jingine la mtandaoni, wanauza zisizo na kufuli, faili la kusakinisha unalihifadhi kwenye diski yako mwenyewe.