"Kwani kazi yako ni kucheza tu?" Siku moja ya yaya

Saa 12:10 asubuhi. Mdogo ana miezi 10 na akiamka halii, anahutubia ukuta: "Ba-ba-ba-ba." Namjibu, "Ba-ba? Kumbe!" Ananyamaza, anautazama mdomo wangu, kisha anarudisha zake. Tunajibizana hivyo nikimbadilisha nepi, na anayetusikia toka chumba cha pili atadhani akili zimeniruka. Ila bado hana neno hata moja, na tayari anajua kwamba maongezi yana zamu: mmoja akisema, mwenzake husikiliza.

Saa 1 mpaka saa 2:30 ni kunawisha, kulisha, kuosha vyombo na kuwaaga wazazi. Mkubwa (miaka 3 na ushei) amelia mlangoni, akamwona mende, akasahau.

Saa 3 mdogo yuko kitini na kijiko. Anakiangusha, anainama kukitazama, ananitazama mimi. Naokota. Anaangusha tena. Leo mara 11, nimehesabu. Nilipoanza kazi hii ningesema ni ukorofi. Siku hizi najua anachokitafuta: miezi michache nyuma kitu kikimtoka machoni kilikuwa kimekwisha habari yake, sasa anajua kipo huko chini na anataka kuhakikisha. Mgongo wangu nao unahakikisha. Na kwa kuwa ameanza kuokota vitu kwa ncha ya kidole gumba na cha shahada, kabla hajashushwa mimi hutambaa sakafuni kwanza kutafuta kifungo, sarafu, kibetri cha rimoti. Hiyo nayo ni kazi, ingawa hakuna anayeiona.

Saa 4:05. Tunataka kutoka nje, na mkubwa kasema shati atafunga mwenyewe. Lina vifungo 5.

Kifungo cha kwanza kimechukua dakika nyingi kuliko ninavyotumia mimi kuoga. Ulimi nje, kidevu kifuani, anakisukuma kifungo, kinachungulia tunduni, anakiachia, kinarudi. Mikono inaniwasha. Ningemfunga vyote 5 kwa pumzi moja! Nimeiviringisha kwenye khanga na kumwambia tu, "Kimeshachungulia hicho. Upande wa pili nani atakipokea?" Akaleta mkono wa pili. Kikapita. Amekiangalia kama aliyezaa.

Alipomaliza cha tatu, hodi. Shangazi yao.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mnafanya nini hapo sakafuni?"

"Anafunga shati."

"Mvalishe basi, dada! Mtoto anahangaika na wewe umekaa unamtazama. Kwani kazi yako ni kucheza tu?"

Nikacheka kile kicheko cha mtu aliye kazini. Akamuuliza mtoto, "Hujambo? Umekula? Umekula nini?" na kabla mtoto hajafungua mdomo akajijibu, "Ameshiba huyu." Mkubwa huhitaji kitambo kuitafuta sentensi yake. Ukimhesabia kimoyomoyo mpaka 5, inakuja, tena ndefu. Shangazi hafiki hata 2.

Kisha akatoa simu. "Shika, tazama katuni, dada amalize kazi zake."

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: aliye chini ya mwaka 1 asiwekewe skrini kabisa, wa miaka 3 na 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni heri zaidi, tena huyu mkubwa ajishughulishe kwa mwili, atembee na kukimbia, kwa dakika zisizopungua 180 kwa siku. Naujua. Lakini yaya hamsomei shangazi mtu mwongozo sebuleni kwa nduguye. Nimenyamaza. Vifungo viwili vimebaki wazi, mtoto ameduwaa, na mdogo naye anatambaa kuifuata ile nuru.

Dakika 40. Nimempakata mdogo nikampa sufuria na mfuniko, agonge. Shangazi kelele zikamchosha, akasimama, akaichukua simu yake kutoka mikononi mwa mtoto bila hata "bado kidogo", akaaga. Mtoto akajitupa chini. Mateke, makamasi, kichwa nusura kigonge mguu wa meza. Shangazi mlangoni: "Mmemdekeza sana huyu."

Nikaketi karibu naye, mkono wangu kati ya kichwa na meza. "Umekasirika. Ulikuwa bado unatazama." Kilio. "Ulitaka iendelee." Kilio. Maneno mengi hapo hayasaidii, unarudia yaleyale kwa sauti ya chini mpaka pumzi irudi. Mdogo naye ameanza kulia kwa kumwonea nduguye huruma, au njaa, sijui. Jua lilikuwa limeshakuwa kali, nje hatukwenda. Nilitamani na mimi nijitupe chini.

Ilipotulia, mkubwa akajifuta kwa mkono wa shati na kurudi kwenye vifungo vyake. Amemaliza. Amevipishanisha vyote, upande mmoja wa shati uko juu, wa pili unaning'inia. Sikugusa.

Baada ya hapo saa sikuangalia. Wamekula, mdogo amelala, nimefua. Tumezipanga soksi, mkubwa akahesabu "moja, mbili, tatu, nne, sita", nazo zilikuwa 3. Nikamshika kidole, tukagusa kila soksi mara moja. Tumesoma kitabu kilekile mara ya nne, nimeruka ukurasa kwa uchovu, akanirudisha: "Bado mbuzi hajaanguka!" Kweli.

Jioni mama yao ameingia, mkoba bado begani.

"Wamesumbua?"

"Hapana, mama."

Akapiga magoti kulinyoosha shati. Mkubwa akarudi nyuma hatua mbili, mikono kifuani. "Usifungue! Nimefunga mwenyewe."

"Vyote?"

"Vyote."

Mama akanitazama. Nilikuwa napita na mfuko wa nepi chafu.