Nilivyoiondoa Bustani ya Shule Kwenye Orodha ya Adhabu

Nilipokabidhiwa ulezi wa bweni la vijana wa miaka 14 hadi 17, ushauri wa kwanza niliopewa na walimu wenzangu ulikuwa kwamba bustani ndiyo dawa ya utovu wa nidhamu, kwa hiyo kila anayechelewa kuamka apewe jembe. Niliufuata muhula mzima, tena kwa bidii ya mgeni anayetaka kuonekana anaijua kazi. Vijana walipalilia kama watu wanaolipa kisasi: magugu yalibaki yamesimama, miche ikang'olewa, na nilipouliza nilijibiwa kwa adabu zote, "Samahani, Mwalimu, tulidhani hayo ndiyo magugu."

Muhula uliofuata nililiondoa jembe kwenye orodha ya adhabu, nikatangaza kwamba anayetaka kulima aje mwenyewe. Walikuja tisa, na ninashuku kwamba saba kati yao walikuwa wakikimbia kipindi cha kujisomea jioni. Sikuwauliza, na sishauri mtu awaulize.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo sijasamehewa hadi leo. Shule ilikuwa na banda la kuku, nami niliagiza samadi itolewe bandani asubuhi na kutiwa siku hiyo hiyo kwenye matuta ya nyanya tulizokuwa tumepandikiza wiki iliyotangulia. Binti mmoja, ambaye kwa mwezi mzima sikuwa nimemsikia akisema zaidi ya "ndiyo" na "hapana", aliniuliza kama haingefaa kuiacha ioze kwanza. Nilimjibu, kwa sauti ya kutosha kusikiwa na wote, kwamba mimea haichagui chakula. Siku chache baadaye kingo za majani zilikuwa zimegeuka kahawia na kujikunja kama karatasi iliyopitishwa juu ya moto. Samadi mbichi ya kuku ina naitrojeni nyingi, na amonia inayotokana nayo huunguza mizizi michanga. Jambo hilo nililisoma baada ya mazishi ya nyanya, si kabla. Ilinibidi nisimame mbele ya matuta nikiri kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Hakunijibu. Alichukua koleo akaenda kuanzisha lundo la mboji nyuma ya banda, tabaka la majani makavu juu ya tabaka la samadi, na tangu siku hiyo alikuwa akichomeka nondo katikati ya lundo, akiichomoa baada ya muda na kuishika ili apime joto. Kufikia katikati ya muhula alikuwa akiwaamuru wavulana wanaomzidi kimo lini wageuze lundo na lini wasilisogelee, nao wakitii.

Baada ya hapo tukaleta sungura. Gharama sizikumbuki vizuri: mbao za vizimba zilitoka kwenye madawati mabovu, na kilichokula fedha ni waya tu. Sungura jike mmoja nilimkabidhi kijana aliyekuwa ameletwa kwangu mara tatu kwa kupigana, ingawa wenzangu walinionya kwamba mnyama huyo hatamaliza wiki. Kijana aliweka daftari. Siku ya 31 baada ya kupandishwa, jike alijinyonyoa manyoya ya kifuani, akatandika kiota na kuzaa watoto sita, vipofu na wasio na unyoya hata mmoja.

Usiku uliofuata niligongewa mlango. Kijana alikuwa amekesha karibu na kizimba kwa saa nne bila kumwona mama akienda kunyonyesha, na alikuwa akilia huku akisisitiza kwamba halii. Alitaka maziwa ya jikoni na bomba la sindano lisilo na sindano. Mimi nilikuwa nimeshachapwa na nyanya, kwa hiyo safari hii nilisoma kwanza: sungura hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, kwa dakika chache, na muda mwingine hukaa mbali na kiota. Lakini kumwambia kijana wa miaka 15 kwamba kitabu kimesema hivyo hakumlazi usingizi. Tulichukua mabua mawili membamba tukayalaza juu ya manyoya ya kiota kwa umbo la msalaba, kisha nikamwamuru akalale. Kengele ya bweni hulia saa kumi na moja na nusu alfajiri, na kijana huyo alikuwa maarufu kwa kutoisikia. Saa kumi na moja kamili nilimkuta kizimbani ameshika tochi. Bua moja lilikuwa limeanguka kando ya kiota, jingine limevunjika katikati, na matumbo ya watoto yalikuwa yamejaa hadi weupe wa maziwa ukaonekana kupitia ngozi. Aliyaokota mabua yale akayabandika kwenye daftari kwa gundi.

Ugomvi haukuisha kabisa, nisidanganye. Ulihamia kwenye mambo kama nani ameacha chombo cha maji kikavu, na huo nilikuwa tayari kuuamua hata usiku wa manane.

Lililonishinda kupanga ni likizo, kwa sababu wanyama hawafungi shule, na kila niliyemwomba ushauri alisema niwauze kisha ninunue wengine. Vijana walikataa, wakaandika maelekezo ya kurasa tatu kwa mlinzi anayebaki shuleni: sungura wasibadilishiwe chakula ghafla kwa kuwa wataharisha, wasinyanyuliwe kwa masikio, maji yabadilishwe kila asubuhi. Sentensi ya mwisho ilikuwa kwa mwandiko wa yule binti wa mboji, nayo ilipigiwa mstari mara mbili: Mwalimu asiruhusiwe kugusa samadi hadi nitakaporudi.