Penny Red: bamba 77 au 177?

Stempu niliyokuwa naichunguza ni Penny Red, stempu nyekundu ya peni moja ya Uingereza, ile ya herufi pembe zote nne iliyoanza kutolewa 1864. Namba ya bamba, yaani sahani ya chuma iliyochapia stempu, imefichwa ndani ya marembo ya pembeni, kushoto na kulia, imelala ubavu, ndogo mno. Bila lenzi unaona vumbi tu. Upande wa kushoto ilisomeka 77. Moyo ukadunda, maana bamba 77 lilikataliwa kwa ubovu na stempu zake zilizobaki ni za kuhesabika.

Taa ya ndani haikusaidia. Ukungu wa Mbeya ulipoachia, nikaiweka dirishani jua liipige kwa ubavu, nikaazima lenzi kwa fundi saa wa Mwanjelwa, nikaishika mbele ya kamera ya simu na kupiga picha. Nikaigeuza, nikaikuza. Kumbe muhuri mweusi wa posta umekalia tarakimu ya kwanza! Nikahamia kulia, ambako wino wa muhuri haukufika: 1, 7, 7. Bamba la kawaida kabisa. Afadhali sikuwa nimemwambia mke wangu.

Zile herufi za pembe nne hazisaidii kujua bamba. Zinaonyesha tu nafasi ya stempu kwenye karatasi ya stempu 240.