Unakaa tu?

Tangu Jumapili maneno ya Baba mdogo hayanitoki kichwani. Mnamjua: mstaafu wa reli, Tabora, mtu ambaye hata akianza na hali ya watoto ataishia kwenye mabehewa. Nilikuwa namsimulia Daraja la Portal kwenye Mto Hackensack, New Jersey, nililolivuka miaka yote ya ukonda nikienda na kurudi New York. Nikamwambia sheria za huku zinakipa chombo cha majini haki ya kupita kwanza. Ukiondoa saa za msongamano, tishari likija, treni inasimama.

"Treni nzima inasubiri tishari?"

"Ndiyo, Baba mdogo."

"Na wewe konda hapo una kazi gani? Unakaa tu?"

Akacheka mpaka akakohoa, kisha akauliza bei ya sukari huku.

Unakaa tu. Nimeyasikia nikiosha vyombo, nimeyasikia katikati ya harusi ya Zawadi (imepita salama, alhamdulillahi, picha zitakuja). Jibu limenijia usiku wa Jumatatu, Tabora wakiwa tayari kazini.

Daraja lile, Baba mdogo, ni la 1910. Reli ilikuwa haijafika hata hapo kwenu. Maji yakijaa, nafasi iliyobaki chini yake ni futi 23 tu. Haliinuki, linazunguka: kipande cha kati kimekalia nguzo moja mtoni. Taa zinakuwa nyekundu pande zote, ncha za reli zinanyanyuliwa, kabari zinachomolewa, ndipo chuma chote kinageuka taratibu kufuata mkondo. Shughuli ni kurudi. Reli zikutane na reli, nyaya za umeme nazo huko juu zikae sawa, na jua la Julai limeshatanua chuma. Zikigoma, wanakuja mafundi na nyundo. Nyundo za mkono! Njia kuu ya Washington hadi Boston imesimama, watu wanagonga chuma.

Na mimi ndiyo wakati wa kutembea, behewa hadi behewa. Huyu ndege inamwacha Newark, yule ana kikao, wote wanataka dakika, nami sina dakika za kumgawia mtu. Viyoyozi vikizimika ndiyo usiseme. Mama mmoja alinishika mkono wa shati akasema, "Wewe niambie ukweli tu." Ukweli wenyewe ulikuwa unasukumwa na boti mtoni, unakuja kwa mwendo wake.

Ingawa zilikuwepo jioni nyingine. Treni haina watu, nimeshatangaza, nasimama dirishani. Matete mpaka upeo wa macho, korongo weupe wamezama miguu kwenye tope, boti inapita karibu kiasi cha kuona baharia amevaa soksi za rangi mbili. Akaninyanyulia kikombe cha kahawa, nikampungia tochi. Hapo, kusema kweli, nilikaa, na mshahara ukaingia! Daraja jipya wamelijenga pembeni, futi 50 juu ya maji, halifunguki kwa mtu. Nitamtumia Baba mdogo video ya lile la zamani likizunguka, tuone atacheka nini.

Sasa kuna gari la Rehema. Taa ya injini inawaka tangu Ijumaa, yeye anasema ni ya kawaida, na kesho alfajiri anaendesha mpaka Baltimore.