Mraba Mtupu kwenye Ramani ya Shelisheli

Februari 2018 Shelisheli ilitangaza hifadhi zake kubwa za kwanza za bahari, kama kilomita za mraba 210,000 kwa jumla. Ilikuwa nusu ya deni. Mwaka 2012 serikali ilikuwa imeahidi mbele ya dunia kwamba itahifadhi asilimia 30 ya bahari yake. Kikao ninachokikumbuka, cha kupanga nusu iliyobaki pamoja na wavuvi, kilifanyika Victoria, mji mkuu, miezi michache baada ya tangazo hilo, na mimi nilikuwa upande wa wachora ramani.

Nchi kavu yote ya Shelisheli, visiwa 115, ni kilomita za mraba 455 tu. Bahari yake inazidi milioni moja na robo. Nusu ya kwanza ya ahadi, hasa upande wa Aldabra, haikuwa na wagomvi wengi, maana visiwa vya Aldabra viko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé, kisiwa kikuu, na mvuvi wa mshipi mwenye chombo cha mita kumi na barafu ya siku chache hafiki huko. Sasa kalamu ilikuwa imesogea kwenye uwanda wa Mahé, bahari ya kina kisichofika mita mia, ambako samaki wa sokoni Victoria ndiko wanakotoka.

Kazi yenyewe huenda hivi. Bahari inakatwa miraba, na kila mraba unafunguliwa hesabu mbili. Ya kwanza ni ya mali iliyomo: matumbawe, majani bahari, malisho ya kasa, mazalia ya samaki, njia za ndege. Ya pili ni ya hasara, yaani nani atakosa nini mraba huo ukifungwa. Kisha unapanga malengo, tuseme asilimia 30 ya kila aina ya mali, na kuiachia programu itafute mkusanyiko wa miraba unaotimiza malengo kwa hasara ndogo kabisa. Sisi tulitumia programu ya Marxan, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Haitoi jibu moja. Unaiendesha mara mia, halafu unahesabu kila mraba umechaguliwa mara ngapi. Uliochaguliwa mara 95 ni kama hauna mbadala. Wa mara 20 unaweza kujadiliwa. Kuna pia namba moja ya kuamua miraba ishikamane au isambae. Ukiiweka chini mno, unapata vipande vilivyotawanyika ambavyo hakuna boti ya doria itakayovilinda.

Ramani ilibandikwa ukutani. Ukingoni mwa uwanda kulikuwa na kundi la miraba myekundu, yote ya mara 90 na zaidi. Nahodha mmoja mzee wa uvuvi wa mshipi akainuka, akaweka kidole juu ya lile kundi, akauliza kwa Kikrioli, lugha ya huko, nani aliyetuambia pale hapafiki mtu. Hakuna aliyetuambia. Na hapo ndipo penye ugonjwa wa mipango ya namna hii.

Meli za jodari zina vifaa vya satelaiti na madaftari ya mavuno, hivyo miraba yao ilijaa namba. Mvuvi wa mshipi wa chombo kidogo mara nyingi hana kifaa hicho, na akiulizwa anavua wapi husema "huko nje" na kunyamaza. Ana haki. Fungu lake la bourzwa, yaani mwamba wa chini ya maji anakowavua samaki hao wekundu, ndiyo akiba yake ya benki, na akiliweka wazi leo, kesho atakuta vyombo vitano pale. Basi safu ya hasara kwenye miraba yake ilibaki tupu, na programu haijui tofauti ya tupu na sifuri. Ikisoma sifuri inaona eneo la bure, na eneo la bure ndilo inalolikimbilia kwanza. Kadiri mvuvi anavyoficha fungu lake, ndivyo mashine inavyomnyang'anya.

Dawa yake inajulikana, ila inakula muda. Kwanza, mraba usio na taarifa upewe alama yake, usiachwe uonekane kama sifuri. Pili, wavuvi waulizwe kwa maeneo makubwa, si kwa nukta, na lisichapishwe eneo ambalo chini ya vyombo vitatu vimelitaja. Tatu, karatasi aliyoichora mvuvi irudi mikononi mwake. Tulipoiendesha programu upya, wekundu ulihamia nje, kwenye mteremko wa kina kirefu, na safari hii waliolalamika ni watu wa jodari. Nadhani hiyo ni dalili nzuri: angalau waliolalamika walikuwa na namba za kutetea.

Samaki aina ya tasi walituchelewesha zaidi. Karibu na kisiwa cha Praslin hukusanyika kutaga nyakati za mwezi mpevu, na wenye madema, mitego ya samaki, wanawasubiri hapohapo. Wanasayansi walitaka eneo lifungwe mwaka mzima, wavuvi wakasema samaki wako pale siku chache tu. Kwa maoni yangu wavuvi walikuwa na hoja. Lakini ramani haina mwezi. Inajua ndani na nje basi. Suala kama hilo linahamishiwa kwenye jedwali la masharti.

Jedwali hilo ndilo mpango wenyewe, ingawa wageni hupiga picha ramani. Safu mlalo ni shughuli, safu wima ni kanda: ulinzi wa juu, ulinzi wa kati wenye matumizi endelevu, na matumizi mchanganyiko. Kila kisanduku kinajibiwa: ruksa, ruksa kwa masharti, au marufuku. Haki ya meli kupita huwezi kuifuta, sheria ya kimataifa ya bahari inailinda katika ukanda wa kiuchumi, yaani bahari ya nchi hadi maili 200 za baharini. Kilichotukwamisha ni maboya ya kukusanyia jodari. Boya linatupwa nje kihalali, mkondo unalisukuma hadi ndani ya hifadhi. Nani aingie kulitoa, na kwa kibali gani? Kisanduku kile kilibaki na alama ya kuuliza hadi jioni.

Mwisho huja mipaka. Ukingo wa miraba una meno kama msumeno, hivyo unanyooshwa kwa mistari inayofuata latitudo na longitudo, ili nahodha aisome kwenye GPS na hakimu aielewe. Kosa la kawaida hapa ni nyuzi 5 na dakika 30 kuandikwa 5.30. Kihesabu 5.30 ni nyuzi 5 na dakika 18 tu, na dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, kwa hiyo mpaka umehama maili 12. Ndiyo maana pembe zote husomwa kwa sauti na watu wawili, mmoja akishika rasimu ya sheria na mwingine chati, na wasipokubaliana kwenye namba moja wanaanza orodha upya.