Mapishi yangu kwenye simu: mradi umefika wapi

Machi

Mkusanyo umekua kuliko kichwa changu. Kuna picha za daftari la mama, sauti za WhatsApp za shangazi wa Marangu, na keki kibao nilizozinakili mtandaoni. Kutafuta mtori, supu yetu ya ndizi, humo ndani ni kazi ya nusu saa.

Mafolda nimeyaacha. Kiburu ni ndizi na maharage, sasa kikae folda gani? Machalari je, ni nyama au ni ndizi? Kwa hiyo folda ni moja, kila pishi lina faili lake la maandishi matupu, na juu yake naweka lebo: ndizi, maharage, magadi, maziwa. Nimekataa programu za mapishi kwa sababu faili la maandishi hufunguka kwenye simu yoyote, hata ya elfu themanini.

Lebo ya "ndizi" peke yake haikutosha. Mtori wa kwetu unataka ndizi mshare, za kupika, na anayekwenda soko la Mbuyuni akisoma "ndizi" tu anaweza kurudi na ndizi kisukari, zile tamu za kuliwa mbivu. Aina ya ndizi sasa ina mstari wake.

Aprili

Mvua haikatiki, nimekaa ndani nanukuu sauti. Shangazi anasema: "Mwanangu, maji yafunike ndizi, yapite kidogo tu." Maneno yake siyagusi. Yanakaa chini ya kichwa "Alivyosema", halafu chini yake "Nilivyopima", kwa gramu na mililita.

Hapo ndipo kazi ilipo. Sado ya lita 4 ni kipimo cha ujazo, na sado ya maharage haina uzito sawa na sado ya unga. Kikombe cha mapishi ya Kimarekani nacho ni ujazo, kama mililita 240: kikijaa unga wa ngano ni takriban gramu 120, kikijaa sukari ni gramu 200. Ile nyuzi 350 yao ni Fahrenheit, yaani kama 177 za Selsiasi. Vyote nimevibadilisha kwenye faili lenyewe, maana hesabu za kichwani huku mafuta yanachemka sizitaki.

Nimeongeza na mstari wa "Limepikwa wapi". Dada yuko Arusha, kama mita 1,400 juu ya bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Dar ni 100, na hapa Moshi mjini ni kama 97. Kwa hiyo muda wa makande ulioandikwa Dar ukiufuata Arusha utatafuna mahindi magumu. Magadi husaidia kulainisha maharage, ila yakizidi chakula kinaonja sabuni. Hayo napima kwa kijiko cha chai, si kwa kukadiria.

Mei

Mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, imegoma kuingia kwenye fomu. Mstari wa "Muda" ulikuwa wa dakika, lakini hapa ndizi mbivu zinachemshwa na kuachwa siku kadhaa zichachuke, ulezi unaoteshwa kando uwe kimea, na kuna gome la msesewe la kuleta uchungu. Hilo si pishi, ni ratiba. Nimelitengenezea fomu ya siku kwa siku, na ninaipenda kuliko ile ya kwanza. Huenda maziwa mgando nayo yakahamia huko.

Nakala ziko tatu: kwenye simu, kwenye kompyuta, na kwenye flashi iliyoko kwa dada Arusha. Sauti za shangazi nimezihifadhi pamoja na maandishi, kwa sababu kuna mahali anacheka na kusema "siyo hivyo", na maandishi hayaonyeshi anamaanisha hatua ipi.

Kilichobaki ni kisusio, supu yenye damu ya mnyama, ambacho kila nyumba ina lake la kusema, na loshoro, chakula cha mahindi na maziwa mgando. Loshoro sitaiandika kwa kusikia. Dada ana jirani anayeipika kila wiki, na ameshakubali niende na mizani yangu.